Yule wa besi ya tatu alikuwa anangoja nini?

Nina siku nne sijaandika kitu hapa manake kila nikishika simu natafuta kitu kimoja tu, kile kivideo cha sekunde chache, nakiangalia, nakisimamisha, nakivuta kwa vidole viwili mpaka mguu wa Kiner-Falefa, mkimbiaji wetu, unajaa skrini nzima, naweka simu chini nasema basi yaishe, baada ya dakika kumi niko pale pale tena. Wanaonijua washaelewa nazungumzia nini. Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025 Blue Jays, timu yetu ya besiboli, wamepoteza gemu ya saba ya World Series (fainali yenyewe, anayetangulia kushinda gemu nne ndo bingwa), hapa hapa Toronto, uwanja wetu wenyewe, 5 kwa 4, iningi kumi na moja, na mimi mwili uko kazini unapanga maboksi lakini roho iko bado kwenye iningi ya tisa.

Watu wa Mombasa kabla hamjaanza kunicheka, hebu subirini. Miaka kumi mnaniuliza ule mchezo wa kusimama simama na kutema mate una raha gani, na mimi miaka kumi nashindwa kuwajibu. Leo najaribu. Ikumbukeni raunda, ile raunda ya shule ya msingi, wasichana na sketi zao, posti nne, mmoja arusha, mmoja apiga, alafu mbio. Basi besiboli ni raunda ile ile ila hii imesoma, ikapata kazi nzuri, ikanunua gari. Posti wanaita besi, ukizizunguka zote ukarudi nyumbani (ndo wanavyopaita kweli, nyumbani) umepata pointi, wakikutoa ni auti, auti tatu zamu yenu imekwisha wanaingia wenzenu, na kila timu ina zamu tisa, ndo hizo iningi. Zikiisha mko sawa mnaendelea mpaka mmoja avunjike moyo. Hayo mengine mtayashika njiani. Dadangu mkubwa alicheza raunda ya shule hadi mashindano ya mkoa na ndo maana kule nyumbani yeye peke yake naweza kumpigia nikiwa na huzuni ya namna hii. Mkumbukeni, atarudi.

Mimi nilifika huku Septemba 2015, sijui mtu, sijui baridi, na mwezi uliofuata mji mzima ukapiga kelele usiku mmoja kwa sababu jamaa mmoja anaitwa Bautista amepiga homuran (mpira unatoka nje kabisa, mpigaji na wote walioko kwenye besi wanarudi nyumbani) alafu akatupa gongo lake juu kwa madharau yote ya dunia. Sikuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba kwenye basi asubuhi yake watu ambao mwezi mzima hawakuniangalia usoni walikuwa wanazungumza na mimi. Hapo hapo nikaingia. Ujinga wangu ni huo, nilitafuta watu wa kuongea nao nikapewa timu ya kunitesa.

Sasa hii ya mwaka huu nieleze vipi. Mwaka jana Jays walikuwa wa mwisho kwenye kundi lao, wa mwisho kabisa, mshindi alikuwa mbali hata vumbi lake hatulioni. Mwaka huu wakashinda mechi 94, wakaongoza, wakaitoa Seattle kwa gemu ya saba pale Springer alipopiga ile homuran ya pointi tatu, na mara hiyo tuko World Series kwa mara ya kwanza tangu 1993. Miaka 32! Na tunakutana na nani, na Dodgers, mabingwa watetezi, timu ya pesa za kumwaga, timu ya Ohtani, yule nyota Mjapani, na mkataba wake wa dola milioni 700. Ohtani huyo huyo ambaye Desemba 2023 watu wazima na akili zetu tulikaa mchana kutwa tunafuatilia ndege kwenye simu tukidhani yumo ndani anakuja kusaini Toronto. Hakuwemo. Aibu ile sisi wa hapa hatuizungumzii mbele ya wageni.

Alafu tukawapiga. Gemu ya kwanza 11 kwa 4, Barger ametoka benchi kapiga homuran ya pointi nne, kitu ambacho mchezaji wa kutoka benchi hajawahi kukifanya World Series tangu ianze. Gemu ya tatu ikaenda iningi kumi na nane, KUMI NA NANE, ni gemu mbili nzima umezishona pamoja, ikaisha saa tisa kasoro dakika kumi usiku huku kwetu na tukapoteza, na mimi naingia shifti saa kumi na moja alfajiri. Sikulala. Nilioga nikaenda. Siku hiyo nilipanga maboksi ya sabuni kwenye rafu ya mafuta na hakuna aliyeniuliza kitu, supavaiza mwenyewe macho mekundu. Gemu ya nne tukashinda kwao, ya tano tukashinda kwao, kijana Yesavage wa miaka 22 ambaye mwanzo wa msimu alikuwa bado ligi za chini chini kule amewatoa watu kumi na wawili kwa kurusha peke yake. Tukarudi Toronto tunahitaji gemu moja tu. Moja kati ya mbili.

Mimi mambo haya naangalia juu kwa mzee mwenye nyumba, mimi nakaa besmenti. Ni mtu wa Guyana, kaja huku zamani sana, alianzia kriketi akaishia besiboli, na mwaka 1993 Joe Carter alipopiga ile homuran ya kumaliza kazi alikuwa kwenye kochi hili hili, anaapa ni kochi hili hili na ukilikalia utaamini. Kazi yangu ni viazi karai. Gemu ya kwanza nilileta viazi karai na ukwaju tukashinda, kwa hiyo ikawa sheria. Gemu ya sita ilikuwa tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, watoto wanagonga mlango kila dakika nusu yao wamevaa jezi za Vladdy, nyota wetu, wanataka pipi, mara nenda mlangoni mara rudi, sikupata nafasi ya kukaanga. Sisemi ndo sababu. Nasema tu sikukaanga.

Na gemu ya sita ndo kila kitu, msipoielewa hamtaielewa ya saba. Iningi ya tisa, tuko chini 3 kwa 1, Barger kapiga mpira umekwenda mpaka ukutani na UKAKWAMA, umejipenyeza chini pale kwenye godoro la ukuta kama shilingi iliyoingia chini ya kabati. Sheria ni kwamba mpira ukikwama wakimbiaji wanapewa besi mbili, si zaidi, kwa hiyo yule aliyekuwa tayari anakaribia kufunga karudishwa besi ya tatu. Sawa. Bado tuna watu besi ya pili na ya tatu na hakuna auti hata moja. Clement kapiga juu ikadakwa. Alafu Giménez kapiga mpira wa chini chini kwenda kushoto, Barger pale besi ya pili akaona huu unaanguka, akatoka, akaenda mbali, na Kiké Hernández wa Dodgers akaja mbio akaudaka, akautupa besi ya pili, Rojas mwenzake akaupokea kabla Barger hajarudi (mpira ukidakwa lazima mkimbiaji arudi besi yake). Auti mbili kwa mpigo mmoja. Gemu imekwisha hivyo, Barger amelala kwenye mchanga mkono umenyooka kuelekea besi.

Hapo wekeni alama.

Jumamosi sasa. Viazi vilikuwepo, sahani mbili, nilianza kumenya saa tisa mchana. Gemu ikaanza saa mbili usiku, Mombasa ni saa tisa usiku. Scherzer anarusha kwa upande wetu, mzee wa miaka 41, ana sura ya mtu aliyeamshwa na kelele za jirani. Iningi ya tatu Bichette, ambaye goti lilimweka nje wiki saba na bado anachechemea, akampiga Ohtani, aliyekuwa anawarushia wao, homuran ya pointi tatu na mzee mwenye nyumba akasimama. Yaani hakupiga kelele, alisimama tu, mikono kichwani, akakaa. Tatu bila. Wakapata moja, wakapata nyingine, sisi tukaongeza ikawa 4 kwa 2. Iningi ya nane Muncy wao akapiga homuran, 4 kwa 3. Mimi hapo kiazi kimeshanishinda kumeza.

Kuna kitu mpira wa miguu ulinidanganya. Mimi nimelelewa na Bandari FC na pia kuangalia ligi ya Uingereza kibandani, najua timu ikiongoza dakika ya 88 inafanya nini, inakwenda kwenye kibendera cha kona, kipa analala na mpira kama mtoto, mtu anajifanya kabanwa na misuli, refa anaangalia saa. Besiboli haina saa. Huwezi kuchelewesha kitu, huwezi kuficha mpira, lazima umrushie yule mtu mpira na umpe nafasi yake ya kupiga, auti 27 zote lazima uzichukue moja moja kwa mkono wako. Tulichukua 25. Zilibaki mbili.

Ya ishirini na sita ilikuwa Miguel Rojas. Nataka mjue huyu Rojas ni nani, ni jamaa wa miaka 36, mkono wake wa kudaka ndo unaomlisha, si mtu wa homuran, ukipanga orodha ya watu wa Dodgers wa kuogopa anakuja karibu na dereva wa basi. Hoffman wetu kamrushia mpaka wakafika ile hesabu ya mwisho, mrusho mmoja mzuri tu na ametoka, akamletea mpira wa kupinda na mpira haukupinda. Umekwenda juu kushoto. Mzee hakusema kitu. Mimi nikasema kitu ambacho siandiki hapa, mamangu anasoma. 4 kwa 4.

Na bado tulikuwa na zamu yetu! Hapo ndo maumivu yenyewe yalipo, Rojas mimi nishamsamehe. Bichette kapata besi, na kwa vile goti bovu wakamtoa wakamweka Isiah Kiner-Falefa amkimbilie. Barger akapewa besi ya bure. Dodgers wakamleta mrushaji Yamamoto, ambaye jana yake tu alirusha mipira 96, watu wengine baada ya hapo wanapumzika siku nne tano, huyu kaja kesho yake kama aliyesahau kofia. Akampiga Kirk na mpira, kwa hiyo Kirk naye kapewa besi. Besi zote zimejaa, auti moja, pointi moja inatosha, na yule wa besi ya tatu ni Kiner-Falefa, futi tisini kutoka nyumbani na kombe.

Varsho akapiga mpira wa chini kwenda kwa, nani tena, Rojas. Rojas akaupokea vibaya, akayumba kinyumenyume karibu aanguke, akautupa nyumbani. Hapo hahitajiki mtu kuguswa, kecha, yule mdakaji wa nyumbani, anatakiwa awe na mpira na mguu wake uwe kwenye ile sahani ya nyumbani basi. Will Smith, kecha wao, akajinyoosha, mguu ukainuka, ukarudi, Kiner-Falefa akateleza. Auti. Wakaenda kuangalia video na sisi tukaangalia, mara kumi, polepole, mguu wa huyu na kiatu cha yule, na mzee amesogea mpaka karibu na tivii pua inagusa. Auti ni auti. Inchi chache. Hatua moja, wallahi hatua MOJA ya mtu mzima. Alafu Clement, mtu aliyekuwa anapiga kila kitu mwezi mzima, akaupiga mbali huko nyuma, nikasimama, mzee akasimama, na Pages, kijana aliyeingizwa uwanjani muda ule ule, akaja mbio akamparamia Kiké mzimamzima akaudaka juu ya kichwa chake.

Wakati huo Mombasa kumepambazuka, dadangu ashaswali alfajiri anachemsha chai, na mimi namtumia voisi noti za mtu anayezama. Nikamtumia na kile kivideo. Akajibu kwa swali moja tu, na sauti ile ya kunyanyua mabega ninavyoijua:

"Sasa yule wa posti ya tatu alikuwa angoja nini?"

Kwa sababu mkitazama vizuri, kabla Varsho hajapiga, Kiner-Falefa hakutoka. Kila mkimbiaji wa besiboli anaiba hatua, mpira ukirushwa anasogea sogea kuelekea nyumbani, huyu alikuwa ameshikamana na besi kama mtoto na kanga ya mamake siku ya kwanza ya shule. Mji mzima sasa unamtukana. Kwenye redio wanamtukana, kwenye basi wanamtukana, kijana mmoja kazini mwenye tumbo kama langu anasema angefika yeye. Lakini jamaa mwenyewe alieleza baada ya gemu, waliambiwa wakae karibu na besi. Wakae, ili mpira ukipigwa moja kwa moja kwa mtu ukadakwa wasinaswe nje.

Na kwa nini waliambiwa hivyo? Kocha anaweza kukupa sababu zote za kitaalamu, lakini mimi niliangalia gemu ya sita. Usiku uliotangulia, Barger, besi ya pili, katoka mbali, kadakwa, msimu karibu uishe pale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ijumaa tulikufa kwa kutoka sana na Jumamosi tukafa kwa kutotoka. Hiyo ndo inayonikaba, kwamba hakuna mjinga ndani yake, Barger alifanya kosa la mtu mwenye hamu na Kiner-Falefa alifanya kile alichoambiwa, na ukiyaweka makosa mawili ubavu kwa ubavu yanapishana kwa hatua tatu nne za miguu. Mngeyachanganya mgawe kwa mbili tungekuwa mabingwa.

Iningi ya kumi na moja nitaipitisha haraka manake kifua hakiruhusu. Will Smith homuran, 5 kwa 4, mara ya kwanza usiku kucha Dodgers wanaongoza. Zamu yetu Vladdy akafungua kwa kupiga mpaka besi ya pili, Vladdy mtoto wa Guerrero mkubwa, amezaliwa Montreal babake akiichezea timu ya kule, mwaka huu kasaini kukaa miaka 14 kwa milioni 500 na hata kama ingekuwa bilioni ningemchangia. Kasogezwa besi ya tatu. Barger kapewa besi ya bure. Kirk, roho nzuri lakini mbio hana, kapiga na gongo likavunjika mkononi, mpira ukaenda taratibu kabisa kwa Mookie Betts wa Dodgers, kakanyaga ya pili, katupa ya kwanza. Mbili kwa mpigo tena. Vladdy amebaki besi ya tatu. Kila kitu mwaka huu kimekufia besi ya tatu.

Saa sita na robo usiku. Mzee alizima tivii na rimoti, akaiweka juu ya kochi taratibu kama inaweza kuvunjika, akaenda kuleta kiti cha jikoni. Nikadhani amechanganyikiwa. Akapanda juu ya kiti na soksi zake, akaitoa saa ya ukutani. Nikakumbuka, ni ule usiku wa Novemba ambao huku wanarudisha saa nyuma, ikifika saa nane inakuwa saa saba. Akaizungusha mshale mzunguko mzima, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye msumari. Mimi nikapiga hesabu bila kutaka, saa moja nyuma ni karibu na iningi ya tisa. Kumbe na yeye kapiga. Akaniangalia kutoka kule juu ya kiti akasema haitoshi, ingefaa waturudishie mbili. Nikamshika mkono akashuka. Viazi vilibaki sahani nzima, sijawahi kurudi na viazi.

Rafiki yangu wa Kampala kanitumia ujumbe wa kunicheka, yeye ni Dodgers kwa sababu mwaka 2022 walisajili vijana wawili wa Uganda na tangu hapo hakai chini. Nimemblok mpaka Februari. Na wale wa hapa wanaosema "si kitu, kuna hoki", hoki gani, Maple Leafs hawajachukua kombe tangu 1967, mnanitoa kwenye moto mnanipeleka jikoni.

Na dada. Tangu Jumapili tunagombana. Mimi namweleza, kwenye raunda yenu ya shule mpira ukidakwa anaumia aliyepiga peke yake, huku na mkimbiaji akiwa nje anakwenda na maji, ndo maana jamaa kaambiwa akae. Yeye anasema mwalimu anasema lake na mguu una lake, na kwamba mwaka ule wa mashindano ya mkoa yeye kama angemsikiliza madam kila mara basi hadi leo angekuwa amesimama kwenye posti ya tatu. Nikamwambia ndo hujui presha ya watu elfu arubaini na zaidi. Hapo niliteleza, nakubali. Leo asubuhi nimeamka nimekuta voisi noti yake, dakika saba na sekunde kumi na mbili. Sijaifungua bado. Kwanza nakiangalia kivideo mara moja ya mwisho.